Jenerali wa Sikioni

Tangu vita vianze, askari wote wa nchi walipokea amri kutoka kwa jenerali mmoja wa nchi rafiki, mwanamke ambaye sauti yake iliingia moja kwa moja sikioni mwa kila mmoja wao. Redioni wabunge walikuwa wakibishana tena iwapo mamlaka ya kuliamuru jeshi yarudishwe nyumbani.

"Tumewapa wageni jeshi letu!" alifoka mmoja.

"Jeshi tu?" Sekela aliijibu redio. "Na waume zetu je?"

Mumewe, Sajini Mbwilo, hakusikia. Alikuwa likizo, amekaa mbele ya ugali uliopoa, akitabasamu peke yake. Sekela angemwita hata mara tatu asiitike. Yule mwanamke akitamka neno moja tu, Mbwilo husimama wima kama mlingoti.

Sekela alishikwa na wivu. Akasimama nyuma ya kiti, akaiga sauti ya jenerali aliyoizoea kwenye matangazo ya redio, pole pole, pamoja na lafudhi yake ya kigeni.

"Sajini, mkumbatie mke wako."

Mbwilo aliinuka papo hapo, akamkumbatia kwa nguvu kama siku ya harusi yao. Sekela akafumba macho, akacheka, nusura alie.

Kisha akasikia mnong'ono juu ya kichwa chake.

"Nimshike hadi lini, afande?"