Deni Lote

"Shikamoo, mzee. Leo nalimaliza deni lote."

Candida aliliweka bunda la noti juu ya kaunta. Miaka yote alichukua vitenge kwa mzee huyu wa Kariakoo kwa mali kauli, anauza kwanza ndipo analipa kidogo kidogo, na usingizi haupati.

Mzee hata hakuzihesabu. "Marahaba. Kumbe unanihama?"

"Sihami!"

"Ninaowadai ndio wanaorudi." Akamwita mteja aliyesimama mlangoni. "Dada, lile robota jipya la vitenge chukua wewe."

Robota hilo aliahidiwa Candida.

Kabla yule dada hajafika, mkono wa Candida ulirudi kwenye kaunta, ukachomoa noti tano kutoka bunda lake mwenyewe.

"Hizi nitakuletea Ijumaa, mzee."