Kilua cha Wiki ya Kwanza

Mwalimu Bahero alimpa kila mwanafunzi ua moja bichi la kilua. Walichore kila wiki, wafuate linavyobadilika, mpaka wapate pambo la kanga. Kanga moja ingepelekwa kiwandani, na wote walijua itakuwa ya Mwanaidi.

Siku ya ukaguzi, mwalimu akafungua daftari la Mwanaidi mbele ya wenzake.

"Huu ndio mchoro wa wiki ya kwanza?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mbona ua limekauka? Mimi nilikupa bichi."

"Labda lilizaliwa bibi!" Chausiku akadakia, na darasa likaangua kicheko.

Mwanaidi akaufunika ukurasa kwa kiganja. "Nilianza na pambo la kanga, Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo. "Hii michoro ya mwanzo yote niliichora jana, kwa makaa."

Mwalimu hakumgombeza. "Na mimi nimeshawaambia wa kiwandani waje wamwone mtu anayejua kusubiri," akasema, kisha akasogea kwenye dawati linalofuata.

Machozi yakamtoka Mwanaidi. Alipoyafuta kwa kiganja kilekile, weusi wa makaa ukabaki shavuni. Safari hii hata Chausiku hakucheka.