Kimya cha Jayapura

Mama mmoja alirudisha simu kwa kishindo, akalia kwamba mumewe hamtaki tena. Alikuwa amemuuliza kama bado anampenda, na mume akanyamaza kwanza ndipo akasema ndiyo.

Wartini, karani wa ukumbi wa simu, alimcheka waziwazi.

"Hajasita huyo, mama. Jayapura hakuna waya. Sauti yako inapanda hadi kwenye setilaiti, kilomita elfu thelathini na sita, ndipo ishuke kwake, na yake irudi njia hiyo hiyo. Hata waziri akipiga, anangoja."

Alikuwa na ulimi mkali, na aibu za watu zilimpa raha. Setilaiti ilikuwa mpya mwaka ule. Ilikaa juu ya ikweta, ikizunguka sambamba na dunia bila kubanduka mahali pake, na watu wa Jakarta walikuwa hawajakizoea kile kimya. Yeye alikizoea. Mumewe, Sugeng, alikuwa huko Jayapura, mwisho kabisa wa nchi upande wa mashariki, kwenye kampuni ya mbao, na kila Ijumaa mchana alimpigia simu ya mezani pale kazini. Waliongea kwa zamu, mmoja akisema, mwingine akisubiri.

Ijumaa hii aliingoja kwa roho juu. Mtoto wao Gilang alikuwa amelazwa na homa ya mbu, hata uji wa mchele anautapika, kutwa anamwita baba yake. Daktari alikuwa amesema kama baba yuko karibu, aje leo, asingoje kesho.

Simu ilipolia, Wartini aliidaka akamweleza yote kwa pumzi moja. Papo hapo Sugeng aliguna kwa uchungu. Angekuwa na mabawa angeruka, alisema, lakini ndege ni Jumanne, na meli ndiyo usiseme.

Wartini alikaza mkono kwenye simu. Yule mama alikuwa bado kaegemea kaunta, anajifuta machozi, sikio kalitega.

"Baba Gilang," Wartini akasema polepole, "uko Jayapura?"

"Niko Jayapura, mke wangu," sauti ikajibu kabla hajamaliza kuutaja mji.

Yule mama akashusha pumzi kwa wivu.

"Wako wala hakungojeshi," akasema. "Una bahati, mwenzangu."