Mahindi ya Buku Kisiwani

Panya Buku alikuwa tajiri kuliko wanyama wote wa bondeni. Kila mavuno, kila mnyama alitoa debe la mahindi kwa ujenzi wa daraja, isipokuwa yeye. Ghala lake alilihamishia kwa Kobe kisiwani, ambako hakuna anayetozwa kitu.

"Mimi fukara, mzee," alimwambia Nyati, mkuu wa bonde, mbele ya wote. "Mahindi yale ni ya Kobe."

Basi Digidigi, mjane mwenye watoto saba, akatozwa madebe mawili, lake na la Buku. Hata hivyo daraja halikuisha, na watoto wakaendelea kuvuka mto kwa kuogelea.

Ukame ulipoingia, Buku akaogelea hadi kisiwani kuchukua chakula.

"Chakula gani?" Kobe akashangaa. "Mahindi haya si yangu? Bonde zima lilikusikia."

Buku akarudi mbio kwa Nyati. "Kobe kaniibia!"

"Ataibaje mali yake mwenyewe?"

Wanyama wakacheka hadi Kiboko akapaliwa. Digidigi hakucheka. Alimpa Buku uji, akamsubiri alambe bakuli, kisha akamkabidhi jembe.

"Twende, shemeji. Mashimo ya nguzo yamebaki sita."