Dira ya Zamani Isiguswe

"Hiyo ya zamani usiiguse," mama mwenye boti alisema kutoka gatini. "Ukiweka mkono wako pale, shuka uende zako."

Fundi alirudisha bisibisi mfukoni. Kwa kawaida mtu akinunua dira ya setilaiti huomba kwanza ile ya sumaku ing'olewe, maana inakula nafasi bure mbele ya usukani. Huyu alikuwa amenunua mpya na bado aking'ang'ania kuukuu. Fundi akadhani ni majonzi. Mtoto mkubwa wa mama huyo alifia ndani ya boti hii hii, na waliofiwa hushikilia vitu.

Habari yenyewe alikuwa ameisikia kwa wapakuaji wa gatini kabla hata hajafungua boksi. Mwaka uliopita ndugu wawili walikuwa wakirudi na samaki, ukungu umetanda. Mkubwa alikuwa amelala chumba cha chini, kule mbele. Mdogo wake ameshika usukani. Boti ikapanda mwamba, maji yakaingia kwa mbele, na mkubwa alipotolewa alikuwa ameshakufa. Aliyebaki alijitetea kwa maneno machache: dira ilidanganya, chuma cha injini kiliivuta sindano. Watu wakampa pole, wakaendelea kumwita Nahodha, naye akaendelea kuitika.

"Ukimaliza kufunga, muizungushe boti, wewe na mwanangu," mama aliongeza. "Uzilinganishe zote mbili, uniambie ya zamani inapotea kiasi gani."

"Ondoa shaka, mama. Hiyo ni sehemu ya kazi."

Mama akakaa juu ya kreti la plastiki, mikono mapajani, asibandue macho.

Fundi alipanda paa la kibanda, akafunga antena kwenye nguzo fupi, mahali inapoiona mbingu yote bila kuzibwa na mlingoti. Chombo hicho hakijali sumaku wala chuma. Hujua boti imeelekea wapi kwa kusikiliza setilaiti. Kinadai heshima moja tu: alama yake itazame omo, mbele kabisa ya boti, sambamba na mkuku, ule uti wa mgongo wa boti ulio chini. Ukikifunga kombo, kitakupeleka kombo kwa uhakika wote. Fundi akavuta uzi kutoka mbele hadi nyuma, akapima, akalegeza skrubu, akapima tena, akakaza.

Akashuka kupitisha waya. Alipofungua kibao cha chini ya usukani, mkono wake ukagusa chupa. Akaitoa. Pombe kali, imebaki robo, na kizibo hakina hata vumbi.

"Ya zamani hiyo," Nahodha, aliyesimama kando ya usukani, alisema upesi.

"Sawa, ya zamani," fundi alijibu, akairudisha ilipokuwa. Hakuitwa pale kunusa pumzi za watu.

Skrini ikawaka. Wakasubiri ishara zikusanyike, kisha wakafungua kamba na kutoka kidogo mbele ya gati. Nahodha akaizungusha boti polepole, duara zima, fundi akisoma skrini na sindano kwa pamoja. Ukiondoa ile tofauti ndogo ya sumaku ambayo kila nahodha anaijua, zililingana kaskazini. Zikalingana mashariki. Kusini na magharibi, vivyo hivyo.

"Rudia," fundi alisema. "Na ongeza moto."

Wakarudia, injini ikinguruma. Sindano haikutetereka. Chuma cha injini hakikuwa kimeivuta popote.

Nahodha alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe juu ya usukani.

"Nilisinzia," alisema mwishowe. "Nilikuwa nimekunywa, nikasinzia. Fundi, nakuomba, usimwambie mama. Yule ananiamini. Ukimwambia utamuua."

Fundi alimchukia, tena kwa moyo wote. Angeweza kumsukumia majini na asijute. Lakini alitupa jicho gatini, akamwona yule mama alivyojikunyata juu ya kreti lake, huruma ikamshika. Mtoto mmoja yuko kaburini. Akimnyang'anya na huyu, atabaki na nani? Marehemu hafufuki kwa digrii za dira. Mpya imefungwa sawasawa, haitampoteza mtu. Ya nini kuichoma nyumba ambayo imeshaungua nusu?

Boti ilipogusa gati, mama alikuwa amesimama tayari.

"Enhe? Zinapishana?"

"Sana, mama," fundi alisema bila kupepesa. "Ya zamani ni mbovu kabisa. Hata mimi ingenipandisha mwamba."

Mama alijiziba uso kwa viganja, akaangua kilio. Kilikuwa kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo mzito. Nahodha akaruka gatini na kumkumbatia, naye analia. Fundi akainama kukusanya vifaa vyake, akijisifu moyoni kwamba siku hiyo alikuwa ametengeneza zaidi ya boti.

"Nisamehe, mwanangu," mama alisema, kichwa begani kwa mwanawe. "Mwaka mzima nimekutilia shaka. Dira hii sikuinunua kwa ajili ya safari. Niliinunua nijue kama ulisema kweli."

Akajifuta macho, akamgeukia fundi, uso umemchangamka.

"Mungu akubariki, fundi. Kitinda mimba wangu nimemzuia nyumbani tangu siku ile, nikaapa hatakanyaga boti ya huyu kaka yake. Sasa nakwenda kumwambia afungashe. Jioni hii hii wanatoka wote wawili."