Mvulana wa Kwanza

"Bote mulale chini," alisema mwasi kwenye bariyeri iliyoziba barabara ya Eringeti. Mimi na dada yangu tukalala matopeni. Mama alibaki amesimama, mtutu ukigusa kitenge chake.

Mimi ni Kambale, jina la mvulana wa pili kwetu Wanande. Wa kwanza huitwa Paluku. Wetu, mama alituambia, alizaliwa amekufa.

"Paluku," mama alimwambia yule mwasi. "Aba ni bandugu yako, ba tumbo moja. Nyuma ya goti uko na kovu ya moto. Ulianguka mu jiko yangu."

Nilidhani anamdanganya ili tupone.

Mtutu ulibaki palepale, lakini mkono wa kushoto wa mwasi ulishuka polepole, ukapapasa nyuma ya goti.