Mguu wa Meza ya Samaki

Bi Raya alikishika kioo cha tangi la samaki kwa viganja vyote viwili, kana kwamba mikono yake myembamba ingeweza kuzuia ndoo kumi za maji. Mumewe, Mzee Hatibu, alikuwa amelala chali uvunguni mwa meza, akitengeneza mguu uliooza kwa kuvujiwa. Mbao ilibonyea kama mkate uliochovywa kwenye chai.

"Baba Zuhura, tuyachote maji kwanza, nakusihi."

"Tulipowahamisha samaki wale wa kwanza, walikufa wote. Wewe shika tu. Ukitetemeka utawatisha samaki."

"Samaki! Mimi kinachonitisha ni hicho kichwa chako."

Mzee akacheka, akakigonga kwa nyundo kipande kipya cha mbao, mara moja, mara mbili. Mguu uliooza ukalia kwaa! Meza ikamlalia Bi Raya, maji yakapanda ukingoni, samaki wote wakakimbilia kona moja. Kicheko kikakatika.

"Usiachie, mke wangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Siachii."

Nyundo ilikuwa imemponyoka. Mkono wake ukatokea uvunguni, ukipapasa sakafu bila kuifikia. Bi Raya, viganja vimeganda kiooni, akavua kandambili polepole, akanyoosha kidole cha mguu kuielekea nyundo.